Saa ya Faranga Milioni Tatu Iliyofaulu Kila Jaribio

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie saa ya mkononi. Msiondoke lakini, kwa maana kabla sijamaliza tutakuwa tumerudi kwenye tarakilishi.

Tarehe 5 Novemba 2021, mjini Geneva, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza saa ya Omega Speedmaster, modeli 2915-1. Kwa wale wasiojua, hiki ndicho kizazi cha kwanza kabisa cha Speedmaster, kilichoanza kuuzwa mwaka 1957. Ni ukoo wa saa ambayo NASA iliiidhinisha mwaka 1965 na ambayo Buzz Aldrin aliivaa mwezini Julai 1969. Wathamini walikadiria kwamba ingeuzwa kati ya faranga 80,000 na 120,000 za Uswisi. Ilienda kwa 3,115,500! Hakuna Omega iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo.

Kwa nini? Uso wake, uliokuwa mweusi, ulikuwa umegeuka kahawia sawasawa kwa miaka mingi. Kwako na kwangu hiyo ni saa iliyochujuka. Kwa wakusanyaji ni lulu.

Sasa, fundi hukaguaje saa kama hii? Kwanza anaifungua na kusoma nambari iliyo kwenye mtambo, kisha anaiuliza kampuni kama nambari hiyo inaafikiana na modeli na mwaka. Pili, anaangalia ganda, mishale na uso kimoja kimoja, kama ni vya wakati huo. Tatu, kuna rangi ya kung'aa gizani. Saa nyingi za miaka ya 1950 zilipakwa rangi yenye radiamu, na radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kipima mionzi kitaisikia hata leo, ingawa kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga ilishachoka zamani. Uso wa 1957 ambao bado unawaka gizani kama taa unapaswa kukutia shaka.

Haya basi. Juni 2023 gazeti la Neue Zürcher Zeitung la Uswisi liliandika kuhusu saa hii, na Omega wakakiri kwamba uchunguzi wao umeonyesha ilikuwa imeungwa kwa vipande vilivyotoka katika saa mbalimbali. Tena vingi vilikuwa vipande halisi, vya zamani kweli! Omega walisema wafanyakazi wao watatu wa zamani walihusika. Na mnunuzi alikuwa nani? Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Kwa maelezo ya kampuni, mmoja wa wafanyakazi hao ndiye aliyewashawishi wakubwa kwamba saa hiyo haiwezi kukosekana pale. Phillips nao walijitetea kwamba Omega ndio waliothibitisha nambari, modeli na tarehe ya kutengenezwa.

Hapa ndipo mimi, mwandika programu, nilipokaa kitako. Nimewahi kupoteza siku tatu nikitafuta kosa katika mfumo ambao kila sehemu yake, ukiijaribu peke yake, ilifaulu. Kosa lilikuwa kwenye namna sehemu zilivyounganishwa. Saa hii ni hivyo hivyo. Kipande halisi kinathibitisha kipande tu. Hakithibitishi kwamba vipande vyote vilitoka kiwandani pamoja. Hilo linahitaji historia, na hapa historia yote ilitegemea hifadhi moja ya kumbukumbu, ya kampuni ambayo watu wake wa ndani walikuwa sehemu ya njama. Ukiwa msimamizi wa hifadhidata mwenye funguo zote, nani atakukagua?

Linganisha na Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, iliyouzwa New York tarehe 26 Oktoba 2017 kwa dola 17,752,500. Modeli yake, 6239, si adimu kiasi hicho. Lakini mkewe, Joanne Woodward, ndiye aliyempa, mgongoni kuna maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu (alikuwa dereva wa mashindano), na zipo picha akiwa ameivaa. Mke, mchongo, picha: mashahidi ambao hawategemeani. Kumnunua mmoja hakutoshi kuughushi ukweli wote.

Mtasema, hayo ni mambo ya matajiri, yatuhusu nini? Muulize yeyote aliyewahi kununua shamba kwetu akaja kugundua lina mwenyewe. Karatasi ilikuwa halisi, muhuri ulikuwa halisi, na mwizi alikuwa yule aliyeupiga. Kwa hiyo ukijenga mfumo wowote wa kumbukumbu, uwe wa ardhi, wa wagonjwa au wa kura, usiulize tu kama rekodi ipo. Uliza ni nani mwingine, aliye nje ya ofisi ile, anayeweza kuishuhudia.

Haya, mpaka siku nyingine.