Dari za Bati: Uzuri wa Bei Nafuu na Gharama Zake

Katika miji ya Marekani ya karne ya 19, hadhi ya nyumba ilisomeka darini. Tajiri alimwita fundi wa lipu, naye akafinyanga maua, majani na mataji kwa mitindo iliyotoka Ulaya. Kazi hiyo ilikula muda na fedha, na mafundi wake walikuwa adimu mara tu ulipotoka nje ya miji mikubwa. Mwalimu au mwenye duka katika mji mdogo wa Missouri au Kansas aliutamani uzuri huo bila kuumudu. Kuanzia miaka ya 1880, viwanda vilimpatia njia: dari ya bati.

Kwa kweli sehemu kubwa ya dari hizo ilikuwa chuma chembamba. Baadhi ya mabamba yalipakwa bati, au mchanganyiko wa bati na risasi, ili yasishike kutu upesi. Kiwandani, bamba lililazwa juu ya kalibu yenye nakshi, kisha nyundo nzito iliyoinuliwa kwa kamba ikaachiwa ianguke. Pigo moja au machache yalitosha kutoa waridi, kamba zilizosukwa au miraba yenye kina. Mabamba mengi yalikuwa na upana wa futi 2, na urefu wa futi 2, 4 au 8. Yalipigiliwa misumari kwenye fito zilizofungwa chini ya boriti, yakamaliziwa kwa rangi, mara nyingi nyeupe, ili mtazamaji adhani ni lipu.

Reli ndiyo iliyozieneza dari hizi. Mteja alichagua nakshi katika katalogi, mabamba yakasafiri kwa treni, na seremala wa mji wake akayafunga bila kusomea ufundi wa lipu. Kampuni ya W.F. Norman, iliyoanzishwa mwaka 1898 katika mji wa Nevada, Missouri, ilitoa katalogi yake maarufu mwaka 1909. Ndani yake mteja alipata mitindo ya Kigiriki, ya Kigothi na ya Kifaransa, pamoja na mabamba ya kuta na ya pembe ambapo ukuta na dari hukutana. Maduka, shule na makanisa yalizitumia sana dari hizi; majumbani zilipendwa jikoni, ukumbini na kwenye ngazi.

Hofu ya moto nayo iliisukuma biashara. Moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871 uliwaachia Wamarekani kumbukumbu chungu ya miji ya mbao, na wauzaji wa chuma walijinadi kwa usalama. Walijinadi pia kwa usafi, kwani moshi wa taa na masizi ya jiko viliweza kufutwa kwa maji na sabuni. Isitoshe, lipu ilipasuka jengo lilipotitia au kutikiswa, vipande vikawaangukia watu. Bamba lililopigiliwa vizuri halikuanguka. Huko Australia, Ernest Wunderlich alitengeneza mabamba ya zinki yenye nakshi, na ukumbi mkubwa wa Sydney Town Hall, uliofunguliwa mwaka 1889, uliwekewa dari ya mabamba hayo. Ilihofiwa kwamba mtetemo wa kinanda kikubwa cha ukumbi ungeing'oa lipu. Afrika Kusini nako, nyumba nyingi za Johannesburg na Cape Town za mwanzo wa karne ya 20 zilipata dari za chuma kilichochapwa nakshi.

Hata hivyo, sifa na kasoro za dari hizi zina chanzo kimoja: chuma ni chembamba, kigumu, wala hakinyonyi kitu. Kwa kuwa hakinyonyi masizi, husafishika. Kwa kuwa hakinyonyi sauti, chumba hujaa mwangwi, na mazungumzo ya watu wengi hugeuka kelele. Maji yakivuja kutoka bafu la juu, kutu huanza upande wa nyuma usioonekana, na doa linapojitokeza mbele mara nyingi bamba limekwisha kulika. Waya wa umeme uliochubuka ukigusa bamba lisilounganishwa na waya wa ardhini, dari nzima yaweza kubeba umeme.

Hata ile ahadi ya usalama ilikuwa na mpaka. Chuma hakiwaki na huuchelewesha moto, lakini hupitisha joto haraka hadi kwenye mbao zilizo nyuma yake. Moto ukishaingia juu ya dari, mabamba huuficha, na wazimamoto hupata taabu kuyang'oa kwa kulabu zao. Rangi za zamani nazo zilikuwa na risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978. Kwa hiyo anayeisugua dari ya kale akiwa hana kinga huivuta sumu yeye mwenyewe pamoja na watoto wake.

Vita vya Pili vya Dunia viliivunja biashara hii. Chuma kilihitajika kwa silaha, na ladha ya usanifu wa kisasa ikapendelea nyuso tupu. Mbao za jipsamu, kisha dari za kuning'inia zenye vigae vya kufyonza sauti, zikachukua nafasi. Dari nyingi za bati zilifichwa tu juu ya hizo mpya, ndiyo maana wakarabati bado wanazikuta. Mwishoni mwa miaka ya 1970, W.F. Norman ilianza upya kuuza nakshi zake kwa kalibu zilezile za zamani, na leo soko lina pia mabamba ya alumini na ya plastiki.

Wapo waliozidharau dari hizi tangu awali kwa kuwa ziliiga kazi ya mkono. Mimi naziheshimu kwa sababu ziliwapa watu wa kipato cha kawaida haki ya kuinua macho na kuona kitu kizuri. Anayejenga upya aziweke ukumbini au jikoni, penye mabomba mazima na umeme uliokaguliwa, si katika chumba kinachotaka utulivu. Na aliyerithi dari ya asili asiing'oe kwa doa moja la kutu: azibe kwanza panapovuja, abadilishe bamba lililooza, na amwachie fundi mwenye vifaa vya kinga kazi ya kuondoa rangi ya zamani.