Moyo unaporuka mapigo: kuupima, dawa na hatari ya kiharusi

Moyo kwenda mbio baada ya kupanda kilima ni kawaida. Shida ni pale unapokimbia ukiwa umekaa kibarazani, au mapigo yanapokuja ovyo: mawili ya haraka, kimya, moja, kisha matatu.

Unaweza kuanza kupima mwenyewe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne; mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya. Ukiona yanavurugika, nenda hospitali ukafanyiwe kipimo cha ECG. Hubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni kwa dakika chache, wala hakiumi.

Aina inayosumbua wengi ni ile ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Damu ikituama huganda, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi, kile ambacho vijijini bado tunasema mtu "kapigwa na jini". Wazee hupata hali hii zaidi kwa sababu ya presha. Vijana wa kwetu wengi huipata kutokana na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa.

Kuna dawa za kupunguza kasi, kama atenolol na bisoprolol. Nyingine ni ya kuzuia damu kuganda, na iliyozoeleka ni warfarin. Hii ndiyo watu huiacha kirahisi, kwa kuwa ukiimeza husikii tofauti yoyote. Usiiache. Inataka kipimo cha damu kiitwacho INR mara kwa mara. Kwa wengi kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu inaganda. Kikipanda sana, unaweza kuvuja damu. Mchicha na sukuma wiki huishusha nguvu, lakini huhitaji kuziacha: kula kiasi kilekile kila wiki. Usichanganye na aspirini, diklofenaki, Flagyl, Septrin au dawa za mitishamba bila kumwambia daktari. Mama anayetaka kubeba mimba amwone daktari kwanza, maana warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, mkimbizeni mgonjwa hospitali. Andikeni saa dalili zilipoanza, daktari ataiuliza.