Namba ya Santuri na Jina la Mtunzi

Wimbo wa kwaya ukisha kurekodiwa huwa kitu kinachoweza kuhifadhiwa, kuuzwa, na hata kumponyoka mwenyewe. Tangu biashara ya santuri ilipoanza, kampuni zilizipa santuri zao namba. Namba moja ilichorwa karibu na kibandiko, kuonyesha sahani iliyotumika kupigia chapa. Nyingine iliandikwa juu ya kibandiko, ili wenye maduka waweze kuagiza. Namba hizo zilitumikia kiwanda na duka. Haki ya msanii hazikuihusu.

Ushahidi ni santuri GE 829 ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la sauti za kiume, Original Evening Birds, walirekodi wimbo "Mbube", maana yake simba kwa Kizulu. Linda aliuza haki ya wimbo huo kwa shilingi kumi hivi. Mwaka 1952 ulivuma Marekani kwa jina la "Wimoweh", na mwaka 1961 ukavuma tena kwa maneno mapya ya Kiingereza. Majina yaliyoandikwa kuwa ya watunzi yalikuwa ya watu wengine. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006 tu. Muda wote huo namba ya santuri ilikuwa sahihi, lakini haki ilipotea.

Mwaka 1986 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa msimbo wa rekodi za sauti, ujulikanao kwa herufi ISRC. Una herufi na tarakimu 12: mwanzoni humtambulisha mtoaji, kisha tarakimu mbili za mwaka ambao msimbo ulitolewa, mwishoni tarakimu tano za rekodi yenyewe. Rekodi ikihama kutoka santuri hadi kaseti, msimbo haubadiliki. Mwaka 2001 kiwango kingine, ISWC, kilitolewa kwa ajili ya utunzi. Basi kwaya tatu zikirekodi wimbo mmoja, kila rekodi hupata ISRC yake, bali wimbo hubaki na ISWC moja. Hivyo mwimbaji na mtunzi hutambuliwa kila mmoja kwa nafasi yake.

Hata hivyo, msimbo hauwezi kusema lisiloandikwa. Kwaya zetu ziliimba nyimbo nyingi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwaya za shule bado huimba na kurekodi. Mwalimu anayehifadhi rekodi na aandike kwanza jina la wimbo, mtunzi, kwaya, mahali na tarehe. Ndipo aweke namba. Namba hutuonyesha kitu kilipo. Jina hutukumbusha jasho la nani limo ndani yake.