Ncha ya Mwali na Mahali Pake: Tarikhi ya Usahihi katika Vyombo vya Elektroni

Mwezi wa Aprili mwaka 1931, katika Chuo cha Ufundi cha Berlin, Ernst Ruska, kijana wa miaka 24, pamoja na Max Knoll aliyekuwa kiongozi wake katika maabara, walipitisha mwali wa elektroni katika koili mbili za sumaku zilizofuatana, wakapata taswira ya wavu mdogo wa madini iliyokuzwa mara zisizofika 20. Ukuzaji huo ulikuwa haba, maana lenzi ya mkononi ya sonara haiko mbali na kiasi hicho. Lakini kwa mwenye kujua ulikuwa bishara kubwa, kwa kuwa ulithibitisha kwamba elektroni huweza kukusanywa na kukuzwa kwa lenzi moja baada ya nyingine kama nuru ya kawaida, na kwamba hapakuwa na sababu ya kuishia kwenye lenzi mbili.

Haja ya kuiacha nuru ilikuwa ya zamani. Tangu 1873 Ernst Abbe wa Jena alikuwa amekwisha kubainisha kwamba hadubini ya nuru, hata lenzi zake zisuguliwe kwa ustadi wa namna gani, haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la nuru yenyewe, yaani kiasi cha nanomita 200, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ruska na Knoll walipofanya jaribio lao hawakuwa na habari ya nadharia ya Louis de Broglie ya mwaka 1924, isemayo kwamba elektroni nayo ina wimbi. Walipoisikia walisononeka kwanza, wakihofu kwamba ule mpaka wa Abbe umewafuata hata huku, kisha wakapiga hesabu na kuona kwamba wimbi hilo ni fupi mno, hata mwali unaosukumwa kwa volti 100,000 una wimbi la nanomita 0.0037 tu, dogo sana kuliko atomi yoyote. Mwaka 1933 Ruska aliipita hadubini ya nuru.

Basi ingedhaniwa kwamba mlango wa kuziona atomi ulikuwa wazi. Sivyo. Mwaka 1936 Otto Scherzer alithibitisha kwa hesabu kwamba kila lenzi ya elektroni iliyo ya mviringo, isiyobadilika kwa wakati, na isiyo na chaji katika njia ya mwali, haina budi kuwa na kasoro: elektroni zipitazo ukingoni hupindwa zaidi kuliko zile zipitazo karibu na kitovu, na kwa sababu hiyo nukta moja ya kitu haiwi nukta katika taswira, bali duara la ukungu. Katika hadubini ya nuru kasoro ya namna hii hufutwa kwa kuiambatanisha lenzi ya kukusanya na lenzi ya kutawanya. Katika sumaku za mviringo, lenzi ya kutawanya haipatikani kabisa. Mimi naihesabu ithibati hiyo kuwa tukio kubwa kuliko yote katika tarikhi hii, kubwa hata kuliko hadubini ya kwanza, kwani aliyeyataja masharti ya kasoro alikuwa, kwa tendo lilo hilo, ameyataja masharti ya kuiepuka. Scherzer mwenyewe alilitambua hilo, na mwaka 1947 akaandika kwamba sharti moja likivunjwa, kwa mfano zikitumiwa lenzi zisizo za mviringo, kasoro yaweza kurekebishwa.

Kutoka karatasi hadi chombo palikuwa na nusu karne. Dennis Gabor, akitafuta njia ya kuizunguka kasoro hiyohiyo, alibuni holografia mwaka 1948, ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa faida zilizoonekana mbali na hadubini. Harald Rose, mwanafunzi wa Scherzer huko Darmstadt, alichora mwaka 1990 mpango wa lenzi zenye ncha sita. Maximilian Haider akaujenga mjini Heidelberg, Knut Urban akashirikiana nao, na mwaka 1998 hadubini iliyokuwa ikitenganisha nanomita 0.24 ikashuka hadi chini ya 0.14. Ondrej Krivanek, huko Cambridge, alikuwa na njia yake kwa hadubini zinazopitisha mwali juu ya sampuli nukta kwa nukta. Wote walisubiri mikondo ya umeme iliyotulia mno, na kompyuta za kuipima kasoro na kuirekebisha ambazo zama za Scherzer hazikuwa nazo.

Lakini mwali unaoweza kuona waweza pia kuandika. Tarehe 29 Desemba 1959, huko California, Richard Feynman aliwaambia wanafizikia kwamba kamusi elezo nzima ya Britannica ingeweza kuandikwa juu ya kichwa cha pini, akaahidi dola 1,000 kwa atakayepunguza ukurasa mmoja wa kitabu mara 25,000. Tuzo hiyo ilikaa hadi mwaka 1985, ndipo Tom Newman, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipouandika kwa mwali wa elektroni ukurasa wa kwanza wa riwaya ya Charles Dickens, *A Tale of Two Cities*. Taabu kubwa iliyompata baada ya kuandika ilikuwa kuutafuta ukurasa wenyewe, kwa jinsi ulivyopotea katika uwanja mpana uliouzunguka.

Kisa hicho hunifanya niseme jambo ambalo waandishi wa sayansi hulipita upesi: kuwa na ncha nyembamba ni nusu ya usahihi tu, na nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kujua ncha iko wapi. Mashine za kuandikia kwa mwali huchora uwanja mdogo mmoja, kisha meza husogezwa uchorwe uwanja wa jirani, na mistari ya nyanja mbili ni lazima ikutane. Meza hupimwa kwa leza kwa usahihi wa ajabu. Ila leza huipima meza, haiupimi mwali. Joto likibadilika kidogo, chaji ikijikusanya ndani ya chombo, au sumaku ya mtambo wa jirani ikivuta, mwali huhama na leza isijue. Ni sawa na nahodha anayehesabu mwendo wa jahazi usiku bila ya kuona nchi kavu: hesabu yake yaweza kuwa safi, na mkondo wa bahari ukamchukua vilevile.

Henry I. Smith wa MIT, katika miaka ya 1990, pamoja na wenzake, walipendekeza dawa iliyo nyepesi kueleza na nzito kutenda: juu ya kipande kinachoandikwa patandazwe kwanza wavu wa mistari iliyolingana barabara, mwali uisome mistari hiyo huku ukiandika, na ishara irudiyo iwe ndiyo inayourekebisha papo hapo. Kwa njia hiyo kosa la mahali lilishushwa hadi kiasi cha nanomita moja. Naona fikra hii ina undugu na ya Scherzer, kwa kuwa zote mbili zilianza kwa kukiri wazi kile ambacho chombo hakiwezi.

Hata mwali ukijua mahali pake, lipo pia tatizo la elektroni zinazopenya utando wa plastiki unaoandikwa, zikagonga silikoni iliyo chini na kurudi kuunguza pasipokusudiwa, mikromita kadhaa mbali na mstari. T. H. P. Chang aliandika juu ya tatizo hilo mwaka 1975, nalo hupunguzwa kwa kukadiria upya kipimo cha elektroni kwa kila mstari.

Mwali mmoja huandika polepole, na kwa sababu hiyo chipu zinazouzwa kwa wingi huchapwa kwa nuru. Hata hivyo vielelezo vinavyotumiwa kuzichapa aghalabu huandikwa kwa elektroni. Katika muongo wa pili wa karne hii, mafundi wa IMS Nanofabrication mjini Vienna walitengeneza mashine yenye miali 262,144 inayoandika kwa pamoja, kila mmoja ukifunguliwa na kufungwa peke yake, na yote ikidaiwa kuanguka mahali pake ndani ya nanomita chache.