Kipimo cha kamera tumboni kwa mwenye moyo unaopiga bila mpangilio: dawa ya damu uiache au uendelee nayo?

Ami yangu, mvuvi mstaafu, aliandikiwa kolonoskopi kwa sababu ya damu iliyokuwa ikimtoka chooni. Moyo wake hupiga bila mpangilio, maradhi ambayo madaktari huyaandika kwa herufi mbili, AF, na kila jioni humeza warfarini. Hospitali ilimpa tarehe na dawa ya kuharisha. Kuhusu warfarini hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Barazani ndiko alikopata ushauri: “Dawa hiyo yafanya damu nyepesi, nawe waenda kukatwa nyama ndani. Iache mapema!” Akaiacha wiki tatu kabla. Hata siku ya kipimo haikufika. Aliamka asubuhi moja mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki.

Wenye hali kama yake ni wengi, na swali lao ni moja. Basi tulieleze.

Kwenye AF, vyumba vya juu vya moyo hutetema badala ya kukaza na kusukuma damu sawasawa. Damu ikizubaa humo huganda, na bonge likichomoka hupanda hadi kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi, na hatari yake kwa mwenye AF ni kama mara tano ya mtu asiye nayo. Dawa za kuzuia damu kuganda hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Lakini dawa hizo hizo humfanya mtu avuje damu zaidi pale anapokatwa. Kwa hiyo daktari huwa anapima hatari mbili, na mgonjwa anayeamua peke yake huwa ameiona moja tu.

La kwanza la kuuliza ni hili: kamera inakwenda kutazama tu, au kukata? Endoskopi ya kupitia mdomoni ili kutazama umio na tumbo, hata kama daktari atachukua vipande vidogo vya kupimwa maabara, huhesabiwa kuwa na hatari ndogo ya kuvuja damu. Kwa kipimo cha aina hii, mwongozo wa mwaka 2021 wa madaktari wa Uingereza na Ulaya unasema warfarini iendelee, mradi INR ipimwe katika wiki ya kabla na isiwe imepita kiwango chako, ambacho kwa wengi wenye AF ni kati ya 2 na 3. Anayetumia dawa mpya kama rivaroksabani, apiksabani au dabigatrani huruka dozi ya asubuhi ya siku ile tu.

Kolonoskopi ina utata wake. Daktari akiingia kwenye utumbo mpana hajui kama atakuta polipu, vile vinyama vinavyoota ukutani na ambavyo vingine hugeuka saratani. Akivikuta, ni vyema avitoe papo hapo, na kuvitoa ni kukata. Mgonjwa aliyekuja bila kusimamisha dawa huenda akaambiwa arudi siku nyingine: kuharisha upya, kulipa upya, na kama ametoka Lamu au Kipini, nauli upya. Ndiyo maana mara nyingi hutayarishwa kama mtu atakayekatwa. Kwa mwongozo ule ule, warfarini husimamishwa siku 5 kabla na INR hupimwa kuhakikisha imeshuka chini ya 1.5. Dawa mpya, dozi ya mwisho humezwa siku 3 kabla. Kwa dabigatrani, ikiwa figo zimedhoofu, huenda zikahitajika siku 5. Hizo ni siku, si wiki, na ahesabuye ni daktari wako baada ya kuona figo zako, umri wako na kama umewahi kupata kiharusi.

Wengine huuliza kuhusu sindano za heparini za kuziba pengo la siku hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wagonjwa 1,884 wa AF waliosimamisha warfarini kwa ajili ya upasuaji au vipimo, ulionyesha kwamba sindano hizo hazikupunguza mabonge ya damu, ila waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 3.2, dhidi ya 1.3 kwa wasiodungwa. Kwa hiyo wengi hawazihitaji. Lakini mwenye vali ya chuma, au vali ya moyo iliyobana, hayumo katika hesabu hiyo. Huku kwetu wapo wengi ambao vali zao ziliharibika kufuatia maambukizi ya koo ya utotoni. Kama ni wewe, lisemwe wazi siku ya kupangiwa tarehe, maana huenda sindano zikakuhusu.

Dawa ya kusafisha tumbo nayo ina mambo yake. Mtu huharisha mpaka maji matupu, na pamoja na maji hutoka chumvi za mwili, ikiwamo potasiamu. Moyo wenye AF ukikosa hizo huweza kuanza kwenda mbio. Kunywa maji kwa wingi kadiri ulivyoruhusiwa, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Maji ya dafu yaliyochujwa ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye figo mbovu aulize kwanza. Vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo kwa kawaida humezwa hata asubuhi ya kipimo, na funda dogo la maji. Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, huachwa wiki moja kabla kwa sababu hufanya choo kiwe cheusi na cha kunata. Na ukipewa tarehe ndani ya Ramadhani, omba isogezwe kama hali si ya haraka. Maandalizi haya yataka kunywa maji mchana kutwa.

Kabla hujatoka hospitali, uliza: naanza lini tena? Hapa ndipo wengi hupotea, kwani husimamishiwa dawa na hakuna anayewarudisha. Warfarini mara nyingi hurudi jioni ile ile, kwa dozi ya kawaida, na INR hupimwa wiki moja baadaye. Dawa mpya hurudi baada ya siku 2 au 3 ikiwa ulikatwa. Pata tarehe hiyo kwa maandishi.

Aliyetolewa polipu anaweza kuvuja damu hata wiki mbili baadaye. Choo cheusi kama lami, damu inayoendelea kutoka au kizunguzungu, rudi hospitali. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, nenda saa ile ile, usingoje pakuche.

Ami alifanyiwa kolonoskopi miezi minane baadaye, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Walimkuta na polipu moja, wakaitoa.