Mwanafunzi au Mfanyakazi? Historia Fupi ya Masomo ya Uuguzi London

Katika Kiswahili, kuuguza ni kazi ya nyumbani kabla ya kuwa kazi ya hospitali. Tukisikia kwamba fulani anamuuguza mama yake, hatuulizi ana cheti gani. Lakini hapa London hakuna anayeweza kuajiriwa kama muuguzi bila kuwa kwenye sajili, na tangu 2013 mtu anayetaka kuingia kwenye sajili hiyo kwa kusomea England lazima asome hadi shahada. Ataandika insha, atafanya mitihani ya hesabu za dawa, atatoa hoja kutokana na tafiti, na kati ya hayo atavaa sare na kuingia zamu.

Wengi katika chama chetu wana mama, shangazi au bibi aliyevaa sare hiyo, na wengine wanaisomea sasa. Katika insha hii tunafuatilia njia iliyotufikisha kwenye shahada. Hoja yetu ni moja: tangu shule ya kwanza, hospitali zimekuwa zikimtazama mwanafunzi wa uuguzi kwa macho mawili. Ni mtu anayejifunza, na papo hapo ni mikono ya kazi. Nani alihesabiwa mwanafunzi na nani alihesabiwa mikono tu, hilo limebadilisha maisha ya watu wengi waliotoka kwetu.

Tuanze na hospitali ya St Thomas'. Wakati wa vita vya Crimea wananchi walichanga zaidi ya pauni 40,000 kwa heshima ya Florence Nightingale. Fedha hizo zilifungua shule ya wauguzi hapo St Thomas' mwezi Julai 1860, hospitali ikiwa bado karibu na London Bridge, kabla ya kuhamia Lambeth mwaka 1871. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15 na mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja. Walipewa malazi, chakula, sare na posho ndogo, nao walifanya kazi za wodi tangu asubuhi. Madaktari waliwapa mihadhara. Lakini tathmini kubwa ilikuwa ya metroni, Sarah Wardroper, aliyejaza fomu kuhusu kila mmoja: je, anawahi kazini? Ni msafi? Anaaminika? Anajua kufunga kidonda? Mwanafunzi wa leo anayechoshwa na kitabu chake cha tathmini ya vitendo ajue kwamba babu wa kitabu hicho ni fomu ile.

Mfano huo ulienea kwa sababu ulikuwa mzuri kwa wagonjwa, na pia kwa sababu ulikuwa rahisi kwa hospitali. Kila hospitali iliyofungua shule ilipata wafanyakazi wa bei nafuu, na kila moja ilitoa cheti chake kwa kipimo chake. Aliyepinga hali hiyo kwa nguvu ni Ethel Bedford Fenwick, aliyewahi kuwa metroni wa St Bartholomew's. Alitaka mafunzo ya miaka mitatu, mtihani mmoja na sajili moja ya taifa. Nightingale hakukubaliana naye, kwa kuwa aliona mtihani hauwezi kupima tabia ya mtu mbele ya mgonjwa. Mabishano yalidumu miaka zaidi ya 30. Mwaka 1899 Fenwick aliongoza kuanzishwa kwa Baraza la Kimataifa la Wauguzi hapa London. Mwaka 1919 Bunge lilipitisha sheria ya usajili, na sajili ilipofunguliwa mwaka 1921 jina la kwanza lilikuwa lake. Mtihani wa kwanza wa taifa ulifanyika mwaka 1925.

Ungedhani jambo limekwisha. Lakini hospitali zilihitaji watu wengi kuliko waliofaulu mtihani ule, hasa wakati wa vita. Sheria ya mwaka 1943 ikafungua mlango wa pili. Juu palikuwa na muuguzi wa sajili, aliyesoma miaka mitatu, maarufu kwa herufi SRN. Chini yake palikuwa na muuguzi wa orodha, aliyefunzwa miaka miwili, zaidi kwa vitendo, ambaye baadaye alijulikana kwa herufi SEN. Wa kwanza aliweza kupanda hadi kuwa sista wa wodi au metroni. Wa pili aliosha wagonjwa, alitoa dawa, alikesha usiku, lakini ngazi yake iliishia karibu na pale ilipoanzia.

Huduma ya Taifa ya Afya, yaani NHS, ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, upungufu wa wauguzi ulikuwa mkubwa. Wasichana waliitwa kutoka makoloni: wengi kutoka Karibiani, wengine kutoka Afrika Magharibi, na kutoka kwetu pia, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Hapo ndipo milango miwili ilipokuwa na maana kubwa. Wengi waliofika wakitarajia kusomea SRN walijikuta wamewekwa kwenye SEN, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza tofauti. Walifahamu baadaye, walipotaka kurudi nyumbani, kwamba cheti kile cha miaka miwili hakikutambuliwa kwao. Kilikuwa na thamani Uingereza tu. Kwa hiyo wengine walibaki, si kwa kupenda London, bali kwa sababu karatasi yao haikuweza kupanda ndege pamoja nao.

Tulinganishe na Kofoworola Abeni Pratt, kutoka Nigeria. Yeye aliingia shule ya Nightingale hapo St Thomas' mwaka 1946 na kutoka akiwa muuguzi wa sajili. Aliporudi kwao akawa Mnigeria wa kwanza kuwa metroni wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Ibadan. Hatusemi kwamba wenzake wa SEN wangefika huko wote. Tunasema kwamba mlango ulioandikwa miaka miwili uliwazuia wengi hata kujaribu.

Wakati huohuo masomo yenyewe yalikuwa yakielekea chuo kikuu. Edinburgh ilianzisha shahada ya uuguzi mwaka 1960, ya kwanza Uingereza, lakini kwa miaka mingi wenye shahada walikuwa wachache. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1989, mpango uitwao Project 2000 ulipoanza. Mafunzo yalihamia kwenye elimu ya juu kwa ngazi ya stashahada, mafunzo ya SEN yakafungwa, na ikatolewa kanuni ambayo Fenwick angeipenda: mwanafunzi akiwa wodini asihesabiwe katika idadi ya wafanyakazi wa zamu. Shule ya Nightingale yenyewe iliishia kuwa sehemu ya King's College London.

Afrika Mashariki nayo haikukaa ikisubiri. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa muuguzi mkuu wa Kenya, alichaguliwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1981, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Yaani baraza lililozaliwa London wakati wa ukoloni liliongozwa na mwanamke kutoka Kenya, miaka zaidi ya 30 kabla England haijaifanya shahada kuwa sharti. Nairobi na Makerere zikaanzisha shahada zao za uuguzi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Je, shahada imelijibu swali letu? Kwa sehemu tu. Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC, linataka saa 4,600 za masomo, nusu yake zikiwa za vitendo. Kati ya saa 2,300 za vitendo, vyuo vinaruhusiwa sasa kutumia hadi 600 kwa mazoezi ya kuigiza. Zinazobaki ni wodini na kwenye jamii, zamu za usiku zikiwemo, bila mshahara. Ruzuku ya zamani iliondolewa kwa walioanza kuanzia Agosti 2017. Tangu 2020 serikali hutoa angalau pauni 5,000 kwa mwaka, lakini ada ni zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa 1860 alilipwa kidogo ili afanye kazi. Wa leo hukopa ili ajifunze, na wodi ikiwa na upungufu wa watu, ile kanuni ya kutohesabiwa katika zamu hujaribiwa.

Hata hivyo hatukubali maneno ya wanaosema kwamba nesi hahitaji kuandika insha. Waliofungiwa mlango wa pili walinyimwa kitu hichohicho: muda wa kusoma, na karatasi inayotambulika popote. Insha ya usiku wa manane kuhusu presha au vidonda vya kulalia inachosha, lakini ni haki ambayo wengine walikuja London kuitafuta na hawakuipewa.

Tunalo ombi kwa wasomaji wetu. Sikukuu ijayo, ukimwamkia mzee wa familia aliyewahi kuwa nesi hapa, muulize alisomea SRN au SEN, nani alimchagulia, na kama alielezwa tofauti. Andika majibu kwa Kiswahili chake na utuletee nakala, akiridhia. Maisha ya Nightingale yamejaa vitabu. Ya bibi zetu yako vichwani mwao, na wengi wao sasa wamezeeka.