Fadhila, Deni na Wakfu: Historia ya Mlipaji wa Masomo Makerere

Makerere ilifunguliwa Kampala mwaka 1922 ikiwa na wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1970 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Historia hiyo ya hadhi inafahamika. Makala hii inafuatilia historia nyingine, yaani ya mlipaji: nani alibeba gharama ya mwanafunzi katika kila kipindi, na kwa jina gani.

Kwa miongo mingi mlipaji mkuu alikuwa serikali, kwanza ya kikoloni, kisha ya Uganda huru. Baada ya uhuru, mwanafunzi aliyedahiliwa alipata mafundisho, malazi, chakula na posho. Sehemu ya fedha hizo ilitokana na kodi iliyotozwa kwenye pamba na kahawa za wakulima, ambao wengi wao hawakuwa na mtoto chuoni. Hata kabla ya uhuru, waliosoma hapo hawakuwa Waganda pekee: Julius Nyerere, Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa walisoma Makerere wakitoka nchi jirani.

Mwaka 1992 chuo kilianza kudahili wanafunzi wa kujilipia, na kabla ya muongo kwisha walikuwa wengi kuliko wale wa serikali. Mlipaji sasa akawa mzazi. Sheria ya mikopo ya elimu ya juu ilitungwa Uganda mwaka 2014, miaka zaidi ya 20 baadaye. Katika mwanya huo alibaki mwanafunzi aliyefaulu, akakosa nafasi ya serikali, na nyumbani hakuna ada. Huyo ndiye anayelengwa na mifuko ya ufadhili inayochangiwa na wahitimu.

Neno lenyewe linahitaji kuchunguzwa. Ufadhili hutokana na fadhila, na fadhila ina mtoaji anayesifiwa na mpokeaji anayetakiwa kushukuru. Asiposhukuru, huambiwa kuwa fadhila ya punda ni mateke. Lakini mhitimu aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima hatoi fadhila anapochangia. Analipa deni, na mdai wake halali ni mtoto wa mkulima yuleyule. Kwa kuwa wadaiwa wametawanyika Afrika Mashariki nzima, deni hili halikomi mpakani.

Deni hueleza sababu ya kuchangia. Haliambii mfuko uendeshwe vipi. Michango ya kila mwaka hupanda na kushuka, na mwanafunzi aliyeanza kwa mchango wa mwaka huu huweza kukwama mwaka wa pili. Pwani ya Waswahili ina mfano wa kale wa kujikinga na hali hiyo: wakfu. Shamba au nyumba ikishawekwa wakfu, mali yenyewe haiuzwi. Hutumika mazao yake au kodi ya pango tu.

Kwa watunga sera, fundisho ni mahususi. Mfuko wa wahitimu uhifadhi mtaji na kutumia faida yake. Usimpokee mwanafunzi ambaye hauna uhakika wa kumfikisha mwaka wa mwisho. Na nyaraka zake zisimdai shukrani. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyelipwa haki yake hapigi magoti.